Bahari Iliyokaa Kwenye Kona ya Kochi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Chekeni tu, nyumbani walicheka pia. Mgongo wangu ndio ulioandika barua ya kuacha kazi, mimi niliweka sahihi. Miaka kumi na mitatu nimebeba madumu ya maji ya bahari, la lita ishirini kila mkono, nikipandisha ngazi za wateja na kushuka. Daktari alipotazama picha ya uti wangu wa mgongo aliniuliza kama niliwahi kupakua mizigo bandarini. Nikamwambia hapana dokta, nilikuwa nafuga matumbawe hapa hapa Morogoro. Akaandika kitu kwenye faili. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Basi nyie wadogo zangu mnaonitumia picha za matangi yenu kila siku na kuuliza, "Dada Devota, mbona maji yamekuwa hivi?", leo nawajibu wote kwa pamoja. Sitawapa masomo kwa mpangilio, maana mimi mwenyewe sikujifunza kwa mpangilio. Sikuwa na mwalimu wa fani hii. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, fundi friji mmoja wa Mwembesongo, na woga. Woga ninao hata sasa. Aya hii nimeiandika mara nne.

Niwaambie kwanza kuhusu mswaki.

Mimi ni mtu wa usafi uliopitiliza. Nilipokuwa shule nilikuwa nachana ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Kwa hiyo nilipopata tangi langu la kwanza, nililitunza kama nilivyotunza madaftari. Kila Jumamosi baada ya kufua, nilitoa mawe yote, nikayasugua moja moja kwa mswaki kwenye beseni mpaka yakawa meupe, nikayasuuza kwa maji ya bomba, nikayarudisha kila moja mahali pake. Nikasimama mbele ya kioo, nikajisifu. Sikujua kwamba kile nilichokuwa nasugua ndicho kilichokuwa kinafanya kazi. Jiwe la tangi la bahari limejaa vijidudu wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa nawafukuza kazi wafanyakazi wangu wote, na Jumapili naenda misa nimetulia kabisa.

Lakini hilo lilikuja kujulikana baadaye. Turudi nyuma, kwenye kochi.

Baba yangu alikuwa karani wa reli, miaka mingi akiwa stesheni ya Kingolwira. Alipostaafu alirudi nyumbani na vitu vitatu: saa ya mkononi, koti zito la kazi, na tabia ya kupanga kila jambo kwa ratiba. Matokeo yangu ya kidato cha sita yalitoka yakiwa ya kawaida, na baba akawa ameshanichagulia chuo cha ukarani. Mimi nilikuwa nimeona video ya mtu aliyeweka matumbawe sebuleni kwake, mbali kabisa na bahari, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilimwomba kona moja ya sebule. Kona hiyo ndipo lilipokuwa kochi lake, lile linalopata mwanga wa asubuhi.

Alifikiri siku mbili. Kisha akaniita.

"Kona nakupa. Mpaka Pasaka."

"Pasaka hii inayokuja, baba?"

"Ipo nyingine unayoijua? Shangazi yako atashuka kutoka Mkuyuni kula sikukuu. Siku hiyo, kama mle ndani kuna kitu kinachoishi, endelea na kazi yako. Kama hakuna, kochi linarudi na wewe unaenda chuo. Bila machozi."

Ilikuwa mwishoni mwa Desemba. Kochi likasogezwa ukutani, upande wa giza, na baba akalikalia huku anagunaguna.

Mkiniuliza namna ya kuanza bila fedha nyingi, nitawaambia nilivyofanya. Tangi alinitengenezea fundi vioo, na hapo nilibahatika kuuliza kabla: gundi ya kuunganishia vioo isiwe ile ya bafuni, kwa sababu ile ina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo haichagui cha kuua. Tumieni ya kawaida ya madirisha, kisha liacheni tangi lijazwe maji na kumwagwa hata mara tatu. Mawe yalikuwa matumbawe yaliyokufa miaka mingi iliyopita, mabaki ya ukuta wa nyumba ya zamani uliobomolewa pwani. Tumbawe hai halitolewi baharini. Ni kosa kisheria, na hata kama lisingekuwa kosa, msifanye. Kipande changu cha kwanza nilikipata kwa mama mmoja wa Dar mwenye kibali, anayekuza vipande nyumbani kwake na kuvigawa vikikua.

Maji ya bahari yaliletwa na dereva wa lori, rafiki wa Fundi Salum. Huyu Fundi Salum ndiye yule fundi friji niliyemtaja. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka kwetu, na ndiye aliyenitengenezea pampu kwa vifaa vya mashine ya kufulia iliyokufa, na kunifungia betri ya pikipiki ili umeme ukikatika hewa iendelee kuingia kwenye maji. Aliniita dokta, kwa sababu nilinawa mikono kabla ya kugusa chochote na baada ya kugusa chochote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dokta. Leo umefanya upasuaji gani?"

Siku zote hivyo.

Mwanzoni mwa Februari tangi lilikuwa na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, konokono wanne wa kusafisha kioo, na kile kipande cha tumbawe laini: vitu sita vya duara kama vichwa vya uyoga, rangi ya zambarau, vikifunguka asubuhi na kujikunja jioni. Baba alipita mbele yake bila kugeuza kichwa. Lakini nilimwona anapunguza mwendo.

Sasa sikilizeni kosa ambalo sidhani kama mtu wa pwani angelifanya.

Maji ya tangi hupungua kila siku kwa sababu yanakauka hewani. Yanayokwenda ni maji tu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unapoongeza, unaongeza maji yasiyo na chumvi, la sivyo tangi litakolea mpaka samaki wajute. Hilo nililijua. Na kwa sababu maji ya bomba letu mvua ikinyesha milimani huja na rangi ya chai ya rangi, na siku nyingine huja na harufu ya dawa, niliamua kutafuta maji safi kuliko yote. Maji ya mvua. Nani angenibishia? Sisi watu wa Uluguru tumekua tunasifiwa kwa maji. Na baba alikuwa ndiyo kwanza ameezeka nyumba upya kwa mafao yake. Mabati yalikuwa yanang'aa mpaka majirani wakalalamika kuwa yanawaumiza macho. Chini ya mfereji wake kulikuwa na pipa. Kila asubuhi nikachota jagi moja, nikajaza tangi mpaka kwenye mstari wa utepe niliobandika kwenye kioo. Nilikuwa najivunia mstari ule. Maji hayakuwahi kuwa juu yake wala chini yake kwa upana wa ukucha.

Konokono wa kwanza alianguka kutoka kwenye kioo siku ya Jumatatu. Nilidhani ni uzee. Wa pili Alhamisi. Wiki iliyofuata wote wanne walikuwa wamelala chini, na vile vichwa vya uyoga vilikuwa vimejikunja vikawa kama vifungo vya shati, havifunguki mchana wala asubuhi.

Mtu mwenye tabia yangu akiona kitu kinakufa hujiambia jambo moja: sikusafisha vya kutosha. Jumamosi ile nilisugua mawe kuliko siku zote. Nilisugua mpaka nywele za mswaki zikalala. Jumapili tuliporudi kutoka misani maji yalikuwa meupe kama yamemwagiwa maziwa, na wale samaki wawili walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanahema.

Nilikimbia mpaka kwa Fundi Salum nikiwa na gauni la kanisani. Hakuniita dokta siku hiyo. Alinitazama tu, akachukua ndoo safi ya plastiki na pampu ndogo ya hewa, akanifuata. Tuliweka samaki kwenye ndoo, kwenye maji ya bahari ya akiba yaliyokuwa kwenye dumu. Kisha akaanza kuuliza, pole pole, kama anavyomuuliza mtu aliyeleta friji isiyopoza.

"Mawe unayafanyaje?"

Nikamwambia. Akafumba macho.

"Haya. Na maji ya kujazia unatoa wapi?"

"Ya mvua, fundi. Safi kabisa."

"Mvua inanyesha ndani ya jagi?"

"Hapana, kwenye pipa."

Alitoka nje. Nikamsikia anagonga pipa, anagonga mfereji. Aliporudi alisimama mlangoni, akamtazama baba aliyekuwa kwenye kochi lake upande wa giza, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, samahani sana. Bati ni jipya?"

"Jipya," baba akasema, na hata katika hali ile sauti yake ilipanda kidogo. "Limewekwa Novemba."

"Bati jipya limepakwa madini ili lisishike kutu. Mvua inakwangua kidogo kidogo. Mtu akinywa hadhuriki. Lakini kwenye chombo ambacho maji yanaondoka na kila kingine kinabaki, kila siku madini hayo yanaongezeka. Mimi nafanya kazi na chuma, mzee. Najua chumvi na chuma zinavyochukiana."

Baba akauliza, "Unasema paa langu ndilo limeua konokono?"

Fundi Salum alikuwa mtu jasiri, lakini alitazama chini. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Siyo paa, baba. Ni mimi niliyechota."

Baba alinyanyuka, akavaa viatu, akatoka. Nilidhani amekwenda kumtafuta kijana wa kumsaidia kurudisha kochi. Ilikuwa imebaki kama mwezi na nusu kufika Pasaka.

Kabla ya kuondoka Fundi Salum alinyoosha mkono. "Nipe mswaki."

"Nini?"

"Mswaki, Devota. Nipe."

Nilimpa. Ulikuwa wa bluu, mpini wake nimeufunga uzi ili usiteleze. Akauweka mfukoni. Akasema maji tutabadilisha, nusu leo na nusu baada ya siku kadhaa, na atatafuta mkaa wa kwenye vichujio vya maji, ule maalumu, siyo huu wa jikoni, uvute uchafu wa madini. "Lakini hayo mawe," akasema, "mpaka Pasaka huyagusi. Hata yaote ndevu."

Yaliota ndevu. Kwanza vumbi la kahawia, kisha utando, kisha nywele za kijani zilizokuwa zinacheza na mkondo wa pampu. Wadogo zangu, nyote mtapita hapo. Ni hatua ya lazima, tangi changa huwa baya kabla halijawa zuri, nalo likiachwa hujisafisha. Sasa hivi naliandika kwa utulivu. Wakati ule nilikuwa nakaa juu ya mikono yangu. Namaanisha hivyo hivyo, nilikaa juu ya mikono, kwenye stuli, ili isiende yenyewe kwenye mawe.

Kilichobaki kilikuwa maji ya kujazia. Masika yalipoanza nikanunua nailoni nene mpya, nikaiosha kwa maji matupu, nikaifunga pembe mbili kwenye nguzo za kamba ya kuanikia nguo, mbali na paa, ili mvua idondoke moja kwa moja mpaka kwenye ndoo. Pembe mbili nyingine nilizishika mwenyewe, mikono nimeitandaza kama ninayempokea mtu uwanja wa ndege. Majirani walitoka barazani kutazama.

"Devota! Unatega mvua?"

"Mwacheni, amekosa mchumba, anatega malaika!"

"Wakianguka wawili nigawie mmoja!"

Nailoni ilikuwa inaelemewa upande mmoja na maji yakawa yanamwagika kwenye tope. Nilikuwa karibu kulia. Ndipo pembe ya kushoto ikanyanyuka. Nilipogeuka nilimwona baba, amevaa koti lake la reli, mwavuli ameuegemeza begani, mkono mmoja umeshika nailoni.

"Vuta kwako," alisema. "Maji yanafuata kamba, hayafuati ndoo. Vuta. Hapo. Simama."

Tulisimama hivyo mpaka ndoo ikajaa. Yule kijana wa kurudisha kochi hakuja kamwe, na kona baba hakuitaja. Alichosema ni, "Kwa kunywa, bati langu halina tatizo."

"Halina kabisa, baba."

"Sawa."

Na kuanzia siku ile, kila wingu likijikusanya juu ya milima, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka. Aliwanyamazisha hata majirani: "Huu ni mradi, siyo maigizo."

Wiki ya mwisho ya Kwaresima samaki walikuwa wamesharudi kwenye tangi na wanakula. Lakini vile vifungo vya shati vilikuwa bado vifungo. Samaki wawili wangetosha kisheria, maana baba alisema kitu kinachoishi. Mimi nilijua wazi kwamba samaki kila mtu anafuga. Nilichoahidi, japo moyoni tu, ni tumbawe.

Pasaka, shangazi Yustina alifika mapema na kikapu cha ndizi na njegere. Ni mkulima wa mboga milimani, hajawahi kuona bahari na hasemi kama anaitaka. Alisimama mbele ya tangi akiwa bado na kitenge cha safari begani.

"Ndiyo hii bahari? Mbona ndogo?"

"Ni kipande tu, shangazi."

"Na hayo majani kwenye mawe, hamna mtu wa kupalilia?"

Baba akakohoa. Mimi nikatamani kuingia chini ya meza. Tukala, tukanywa chai. Nilikuwa natoa vyombo niliposikia shangazi anaita, "Devota, uyoga wako unaota. Unaliwa huu?"

Niliweka sahani chini, sijui niliiweka wapi. Kati ya vile vifungo sita, viwili vilikuwa vimetanuka. Siyo kama zamani, labda nusu yake, lakini rangi ya zambarau ilikuwa imerudi na kingo zilikuwa zinapepea. Kimoja kilikuwa kimeota pembeni ya ndevu za kijani, pale pale ambapo ningesugua kama ningekuwa na mswaki.

Sikulia. Nilikuwa nimeambiwa bila machozi. Nilimtazama baba. Alikuja, akainama, akatazama kwa muda mrefu na miwani yake imepanda kwenye paji la uso. Kisha akamwambia shangazi, "Dada, sogea hapo. Unalizibia tumbawe mwanga."

Hiyo ndiyo hukumu niliyopata. Kesho yake asubuhi nilimkuta anaburuta kochi peke yake. Alilitoa ukutani, akaligeuza likatazama kona, akakaa. Kwa kona ile na kochi lile nikapata wateja wangu wa kwanza, kwa sababu kila aliyekuja kumwona baba alilazimika kusikiliza maelezo marefu kuhusu kwa nini mabati mapya hayafai. Mtu aliyeezeka nyumba kwa fahari ile akawa ndiye anayelishitaki paa lake mwenyewe kwa wageni. Ningepewa cheti na chuo chochote, nisingejisikia hivyo.

Mengine mtayakuta njiani. Kulisha kidogo, halafu kupunguza. Kunawa mikono kwa maji bila sabuni. Kutonunua samaki kabla mawe hayajatulia. Nimefanya kazi kwenye sebule na ofisi nyingi za mji huu, nimekosea tena na tena, na kuna mteja mmoja mhadhiri aliyeniomba nimsugulie mawe yawe meupe kwa ajili ya wageni. Nilimkatalia, akaniona mvivu. Mimi! Nilitembea mpaka nyumbani nikicheka njia nzima.

Fundi Salum alihamia Tanga kwa wanawe. Kabla hajaondoka alipita kumuaga baba, wakazungumza kidogo nje ya mlango. Sikujua walichopeana.

Mwezi uliopita, siku niliyorudisha funguo za mteja wa mwisho, niliingia nyumbani nimefunga mkanda wa mgongo. Baba alikuwa kwenye kochi. Vile vichwa sita vya uyoga sasa havihesabiki, vimefunika mawe yote na vipande vyake viko kwenye matangi ya baadhi yenu. Nilisogea karibu. Kwenye jiwe la mbele, chini kushoto, kulikuwa na doa la kahawia. Dogo, kama dengu. Nilikunja mkono wa blauzi.

"Devota."

"Nalitazama tu, baba."

Hakunyanyuka. Aligonga mfuko wa kifuani wa koti lake la reli, mara mbili, na humo nikaona ncha ya mpini wa bluu uliofungwa uzi.

"Ninao mimi," alisema. "Njoo ukae."

Nikakaa.